Krismasi ya Waliobaki

Kamati ya yubile iliniomba niandike historia fupi kutokana na madaftari ya mahudhurio ya kwaya, nami nimeyasoma yote. Kuanzia Januari hadi Novemba ni alama za vyema na michango ya sare. Ukifika Desemba, mbele ya jina baada ya jina kuna neno moja: amesafiri.

Mkaazi wa Kongowea haulizi kwa nini. Wengi wetu tulishuka kutoka bara kutafuta kazi. Shule zikifungwa watoto hupelekwa kwa nyanya, na nauli ya basi hupanda hata ukashindwa kuelewa hesabu zao. Miaka ya uchaguzi ilizidi. Kura za 1992, 1997, 2002 na 2007 zote zilipigwa kati ya tarehe 27 na 29 Desemba, na aliyejiandikisha kijijini ilibidi awe huko. Krismasi ya 2007 sauti ya nne ilikuwa na mtu mmoja. Ghasia zilipozuka, kuna waliokwama bara, na majina yao hayaonekani tena daftarini hadi Machi, baada ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Wawili hawakurudi kabisa. Mwalimu wa kwaya aliacha mistari yao wazi mwaka mzima.

Basi, nani hubaki? Askari wa usiku, wauguzi wa zamu, wasichana wa kazi za nyumbani, wajane, na wale ambao bara hawana tena shamba wala mtu. Hao ndio wameibeba Krismasi ya kwaya hii, na kwa maoni yangu hawajashukuriwa vya kutosha.

Tena mtaa huu umezoea watu wa namna hiyo. Kila siku makanga wanaita "Kengeleni!" na abiria wanashuka, wachache wakiitazama kengele yenyewe. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1875 wamishonari wa CMS wakaanzisha kijiji cha Freretown hapa jirani kwa watu waliookolewa majahazini. Kengele ilipigwa kuwaonya wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, na baadhi walikamatwa wakiwa wadogo mno kukumbuka njia ya kwao. Hawakuwa na bara ya kwenda Desemba. Waliokaa nao benchi moja kanisani ndio waliokuwa shangazi na wajomba wa watoto wao.

Desturi yetu ya sufuria moja naiona ni ya ukoo huo. Wiki ya kwanza ya Majilio akina mama wa sauti ya kwanza huenda Soko la Kongowea alfajiri, malori yakiwa yanashusha, kununua vitunguu na viazi kabla bei haijapanda. Vitunguu hutandazwa sakafuni kwa mwenye nyumba yenye upepo. Mchele hununuliwa kwa mchango wa kila Jumamosi. Watoto waliobaki hupimwa nguo kwa fundi, na kila mzazi husema, "acha nafasi ya kukua." Ni msimu wa maembe, jua la kaskazi linachoma, na mazoezi hufanyika jioni chini ya mti kwa sababu ndani hapakaliki.

Baada ya ibada ya tarehe 25 pilau hupakuliwa, na sahani za kwanza huenda kwa majirani Waislamu waliotuletea Idi. Sahani hairudi tupu mtaani kwetu.

Mwaka 2020 kafyu ilikuwa saa nne usiku, kwa hiyo mkesha ukafanywa mchana kweupe, barakoa usoni. Wengi hawakusafiri mwaka huo, na safu zikajaa kuliko Desemba yoyote daftarini. Sufuria haikutosha. Ikaazimwa ya pili kwa jirani, nasi tumeendelea kuiazima kila mwaka.

Mwaka huu mazoezi ya nyimbo za Majilio yanaanza Jumanne inayofuata sherehe hii, saa kumi na moja jioni. Anayesafiri aniambie mapema. Anayebaki alete kisu cha vitunguu.