Ndizi Mzuzu za Kupalia: Historia ya Pishi Lisilo na Jina la Mpishi

Wadau, wiki iliyopita dada mmoja kanirushia video kwenye simu. Mpishi wa Panama kapanga ndizi mbivu kwenye trei, kanyunyizia sukari na mdalasini, kazitia kwenye oveni, na zimetoka zinang'aa kama zimepakwa asali. Chini yake dada kaandika: "Wenzetu wanajua kula!"

Nikacheka peke yangu. Ndizi hizo mimi nimezila tangu sijaanza shule, hapa hapa Kariakoo, uani kwa bibi yangu, na kwake hakukuwa na oveni wala trei. Basi leo naomba tukae kitako kidogo tuelezane, maana pishi hili lina historia ndefu, na walioliweka hai karibu wote hawana majina.

Tuanze na bibi. Alikuwa akichagua mzuzu zilizoiva mpaka ganda likapiga weusi, zile ambazo mtoto wa siku hizi angezitupa. Weusi ule ndio utamu wenyewe, kwa sababu ndizi inapoiva wanga wake unageuka sukari. Alizimenya, akazipasua katikati kwa urefu na kuzipanga kwenye sufuria nzito. Nazi ilikunwa kwenye mbuzi, ikakamuliwa, na tui zito likawekwa pembeni. Iliki akaitwanga na sukari kidogo, akatia kijiti cha mdalasini na chumvi ya kuonja tu. Tui jepesi lilitangulia, tui zito likafuata mwishoni.

Likishakaribia kukauka, ndipo kazi inaanza. Alipunguza makaa chini, akafunika sufuria kwa mfuniko bapa wenye kingo, kisha akachota makaa mekundu na kuyapanga juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia. Moto chini, moto juu. Ni njia ile ile inayokausha wali wa nazi na kuiva mkate wa kumimina. Dakika ishirini baadaye ukifunua, ndizi zimeshika rangi ya kahawia, tui limeganda pembeni, na harufu ya iliki imeshafika kwa majirani. Mwezi wa Ramadhani hakuna aliyehitaji kuitwa mara mbili kwenye futari.

Sasa niambieni, sufuria yenye moto chini na juu ni nini kama si oveni?

Tuje kwenye historia. Ndizi si mmea wa asili wa Afrika. Huko Kuk, nyanda za juu za Papua New Guinea, wataalamu wamekuta alama za migomba iliyolimwa takriban miaka 7,000 iliyopita. Baadaye ndizi zikavuka Bahari ya Hindi, na zilipofika kwetu zikakuta wenyeji wanaojua kulima. Leo ukienda Bukoba au Kilimanjaro ukasema ndizi ni ya kuja, utatafutiwa ugomvi.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka pwani yetu. Mogadishu aliona watu wakipika ndizi mbichi kwa maziwa. Mombasa akaandika kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Hakuandika kuhusu ndizi mbivu za viungo, kwa hiyo simsingizii. Lakini wekeni mwaka huo akilini: 1331. Huko Amerika, ndizi za kwanza zinazojulikana zilipelekwa kisiwa cha Hispaniola mwaka 1516 na padri wa Kihispania aliyezitoa visiwa vya Canary. Yaani pwani yetu ilikuwa inapika ndizi karibu miaka 200 kabla babu zake yule mpishi wa Panama hawajaiona. Na wengi walioizoesha Amerika kula ndizi walikuwa Waafrika waliopelekwa kwa minyororo, ambao nao majina yao hayapo.

Viungo navyo vina safari zao. Iliki asili yake ni milima ya kusini magharibi mwa India. Mdalasini ulio bora kabisa unatoka Sri Lanka, ingawa jina lenyewe limepitia kwa Waarabu kutoka kwa Waajemi, waliouita mti wa China. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku ikafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza ipandwe kwa nguvu, kazi ikafanywa na watumwa. Mwanawe Seyyid Majid ndiye aliyeanza kuijenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Kwa hiyo jiji hili tangu linazaliwa limekuwa na harufu ya viungo. Leo iliki tunalima wenyewe, Usambara Mashariki na Morogoro.

Hapo mnaona jambo. Msafiri tunamjua, sultani tunamjua. Aliyewaza kwanza kutia iliki kwenye ndizi mbivu na tui? Hatumjui.

Na Kariakoo yenyewe ndivyo ilivyo. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi eneo hili. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko risasi. Ile sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, inaonyesha askari na bunduki yake. Mpagazi hayupo pale juu. Jengo la soko lililofunguliwa mwaka 1975 tunajua lilichorwa na Beda Amuli, na ni haki ajulikane. Lakini mama aliyekaa pale chini na fungu la mzuzu na vikaratasi vya iliki miaka ishirini, nani kamwandika?

Sasa vukeni nami Mnazi Mmoja mje Mchafukoge. Jina lenyewe linasomeka kama amri: mchafu, akoge! Wakati wa Mwingereza mji uligawanywa: Wazungu huko baharini, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka. Mpaka huo ulikuwa mkali kwenye ramani, ila kila asubuhi ulivukwa na mayaya, madobi na wapishi wakienda kufanya kazi kwenye maghorofa ya uhindini, na jioni ukavukwa tena wakirudi.

Bibi alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi ya upishi kwenye nyumba moja ya Mchafukoge tangu kabla ya Uhuru. Huko ndiko alikojua mdalasini unakaangwa kidogo kwanza ili utoe harufu, na huko yeye akawafundisha wenye nyumba kukamua tui na kupalia. Mwenye nyumba alimwita "yaya" tu, miaka yote. Bibi naye hakuwahi kututajia jina la yule mama, alisema tu "mama wa ghorofani". Walisimama jiko moja zaidi ya miaka kumi, na hakuna aliyebaki na jina la mwenzake.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na familia nyingi za Kihindi zikahama, wengine Uingereza, wengine Canada. Mama wa ghorofani alikuwa mmoja wa walioondoka. Siku ya kuagana alimpa bibi ile sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Bibi akaibeba kichwani akavuka nayo Mnazi Mmoja.

Mtu atasema, hayo ni ya bibi yako, ushahidi uko wapi? Ushahidi uko mdomoni. Wahindi wa Afrika Mashariki, hata walioko London na Toronto, wana mchuzi wa kuku wa nazi wanaouita "kuku paka". Hilo "kuku" ni la kwetu. Muhogo wanauita "mogo". Sisi nasi tunakula chapati, sambusa, bajia na achari bila kumuomba mtu ruhusa. Maneno hayo hayakuhama yenyewe. Yalibebwa na watu waliosimama jiko moja, mmoja akimwambia mwenzake "onja". Majina ya watu yamepotea, majina ya vyakula yamebaki kutoa ushahidi.

Kwa nini nayasema leo? Kwa sababu kupalia kunakufa. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mimi naunga mkono. Bibi alikohoa moshi wa jiko maisha yake yote, na misitu yetu tunaiona inavyokwisha. Lakini jiko la gesi halina makaa ya kuweka juu ya mfuniko. Tukikaa kimya, miaka kumi ijayo mtoto wa Kariakoo ataamini ndizi mbivu za viungo zimetoka Panama.

Kwa hiyo nimejaribu, na inawezekana. Nenda Mabibo, Mahakama ya Ndizi, chagua mzuzu nne nyeusi lakini zisizolowa. Zipasue, zipange kwenye chombo. Changanya kikombe kimoja cha tui zito, sukari vijiko viwili, iliki punje tano zilizotwangwa, mdalasini kidogo na chumvi ya kuonja. Mwaga juu. Mwenye oveni aweke nyuzi 180, dakika 30 hadi 40, akizimwagia tui lake mara moja katikati. Mwenye gesi tupu atafute sufuria kubwa kuukuu, aweke mchanga mkavu chini, apashe moto, aingize chombo ndani na kufunika vizuri, moto mdogo, kama wanavyooka keki. Juu hazitashika rangi ile ya makaa, siwadanganyi. Ladha itakuja.

Sufuria ya bibi ninayo mimi sasa. Mfuniko wake umeungua juu, una alama nyeusi za makaa ya miaka na miaka. Jina la aliyeinunua silijui. La bibi nalijua, na wanangu nimewafundisha walitaje kila ndizi zinapotengwa mezani.

Wewe mdau, nani alikufundisha kupalia? Mama, shangazi, jirani wa ghorofani? Muulize angali hai. Kisha tuandikie hapo chini namna mnavyopika kwenu, na mtaje mpishi.