Mzizi mmoja, maumbo matatu: Historia ya kuandika mpinduo wa kordi

Chukua kwaya yoyote, msomaji mpendwa. Besi waimbe do, wa kati waimbe mi, soprano waimbe so. Sasa hebu besi wahamie mi, wa kati wahamie so, na soprano wapewe do. Noti ni zile zile, lakini mwenye sikio atahisi kuwa wimbo bado haujatua. Badiliko hilo ndilo ninaloliita mpinduo wa kordi. (Naandika 'kordi' makusudi, 'kodi' tayari ina mwenyewe, na sote tunamjua!)

Je, badiliko hilo liandikweje? Wazungu walihangaika na swali hilo kwa zaidi ya karne mbili. Nalileta katika ukumbi huu kwa sababu ni swali la lugha pia.

Mnamo mwaka 1600, nchini Italia, muziki ulianza kuchapishwa ukiwa na tarakimu kwenye mstari wa besi. Kazi ya Emilio de' Cavalieri iliyochapishwa Roma mwaka huo ni miongoni mwa za mwanzo. Mpiga kinanda alipewa besi tu, na tarakimu zikamwelekeza noti za kuongeza juu yake. Hesabu ilianzia kwenye besi yenyewe. Besi ikiwa mi, so ni ya tatu na do ni ya sita. Ikaandikwa 6 pekee, ile 3 ikaachwa kwa kuwa ilieleweka. Besi ikiwa so, do ni ya nne na mi ni ya sita. Ikaandikwa 6 juu ya 4. Besi ikiwa do, kwa kawaida haikuandikwa tarakimu yoyote.

Mfumo huo uliwafaa wapigaji, maana vidole vilijua pa kwenda. Ila ulificha jambo moja: kordi tatu za mzizi mmoja zilionekana kama vitu vitatu mbalimbali. Ni sawa na kumfundisha mtu 'piga', 'pigwa' na 'pigia' bila kumwambia kwamba zote zimetokana na -pig-.

Mjerumani Johannes Lippius alikuwa ameligusia suala hili mwaka 1612. Hata hivyo, ni Mfaransa Jean-Philippe Rameau aliyelijengea nadharia kamili katika kitabu chake cha mwaka 1722. Alishikilia kwamba do-mi-so, mi-so-do na so-do-mi ni kordi moja, na msingi wake ni do hata do ikiwa juu. Chini ya muziki aliandika mstari wa ziada, usiokusudiwa kupigwa, ili kuonyesha misingi hiyo. Waingereza leo huuita msingi huo mzizi, kama vile sisi tunavyosema mzizi wa kitenzi.

Kati ya mwaka 1817 na 1821, mwanasheria Mjerumani Gottfried Weber alieneza matumizi ya namba za Kirumi: kubwa kwa kordi za meja, ndogo kwa za maina. Namba ya Kirumi hutaja mzizi, lakini haisemi nani amekaa chini. Basi walimu waliofuata wakaiunganisha na tarakimu za kale: I6, kwa mfano. Tazama ajabu yake: I inahesabiwa kutoka mwanzo wa skeli, 6 inahesabiwa kutoka besi. Sarufi mbili katika neno moja! Waingereza wakarahisisha kwa herufi: Ib ni mpinduo wa kwanza, Ic wa pili. John Curwen, aliyeeneza solfa, naye alitumia b na c.

Isidhaniwe kwamba ubishi umekwisha. Mwishoni mwa tenzi nyingi za kanisani, Ic hutangulia V kabla ya kutua kwenye I. Wapo wanaosema hiyo si I iliyopinduliwa bali ni V iliyocheleweshwa, na huiandika hivyo. Kwa hiyo alama unayoichagua tayari ni hoja.

Solfa ililetwa kwetu na wamishonari, na vizazi vya kwaya zetu vimeimba kwayo. Ujanani niliimba na mwenzangu aliyesikia besi ikihama hata kabla mwalimu hajanyanyua mkono. Alipofanya mtihani wa nadharia, aliambulia patupu. Masikio hayakuwa na kasoro. Aliulizwa kwa Kiingereza kuhusu kitu alichokijua kwa sikio, na ambacho hakuwahi kukisikia kikitajwa kwa lugha yake.

Rameau alizipa umoja noti zilizokuwa zikisikika siku zote; alichoongeza ni namna ya kuutaja. Napendekeza tuseme kordi, mzizi, mpinduo wa kwanza na mpinduo wa pili. Si istilahi kamilifu. Mwenye bora kuzishinda na azilete, ila asituambie tungoje huku vijana wetu wakiendelea kufeli wanachokiimba kila Jumapili.