Kisu tunakinoa, ala tumeisahau

Juma lililopita nilivuka Daraja la Nyali kuelekea Mjambere, kule Kisauni, nikiwa na sime ya marehemu baba ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeizungushia gazeti tabaka tatu. Msomaji anayefuatilia habari za Mombasa anajua kwa nini. Kwa miaka kadhaa sasa Kisauni imekuwa ikitajwa magazetini kwa sababu ya vijana wanaovamia watu kwa visu na mapanga. Mzee mwenye mvi akikutwa na sime ndani ya matatu, hapewi muda wa kueleza kwamba ni urithi.

Fundi niliyekuwa nikimwendea ni kijana anayeshona viatu kando ya barabara. Alifungua gazeti, akashika mpini, akavuta. Sime haikutoka. Tukavuta wawili. Ilipotoka, ubapa ulikuwa umejaa kutu, ngozi iliyovikwa mpini imeota kuvu, na uzi umekatika pande mbili.

"Mzee, hichi kisu kimeozea ndani ya nyumba yake," akasema.

Niliona haya. Tangu baba afariki, sime ile ilikaa ndani ya ala yake, ala ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko juu ya kabati. Kila mwaka niliiteremsha, nikaipaka mafuta ya nazi tele, nikairudisha palepale. Nilidhani ninaitunza.

"Na kava nayo niitengeze?"

"Ala," nikamsahihisha. "Hii huitwa ala, mwanangu."

"Ala si zile za muziki, mzee?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Kijana hakukosea. Kiswahili kina maneno mawili yanayotamkwa na kuandikwa sawa. Ala moja, yenye asili ya Kiarabu, ni chombo au kifaa. Ndiyo tunayoipata katika ala za muziki, na ndiyo sisi wanaisimu tunayoitumia katika ala za sauti, yaani ulimi, meno, midomo na wenzake. Ala nyingine ni kifuko cha kutilia kisu, sime, jambia au upanga; wapo pia wanaoiita uo. Ala ya kwanza inasikika redioni kila siku. Ya pili imebaki kwenye kamusi, na kwa wasomaji wa Biblia katika Injili ya Yohana, sura ya 18, pale Petro anapoamriwa kuurudisha upanga wake.

Semi zetu nazo hazikuipendelea. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mambo yakizidi, kisu kimefika mfupani. Mwenye nguvu ameshika mpini, mnyonge ameshika makali. Makali yamo, mpini umo, ala haimo.

Hata hivyo, msamiati una kumbukumbu ndefu kuliko sisi. Wazee hawakuwa wakitoa jambia. Walikuwa wakifuta jambia, yaani kulichomoa alani. Kitenzi hicho hakina kazi pasipo ala, kwani huwezi kukifuta kisu ambacho tayari kiko uchi. Jina jambia lenyewe limetokana na Kiarabu janbiya, na ndani yake mna janb, maana yake ubavu. Silaha imepewa jina la mahali inapovaliwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayevaa makali ubavuni bila ala. Kwa hivyo ala imo ndani ya jambia hata pale isipotajwa.

Historia ya pwani inaelekea upande huohuo: chuma na ngozi vimeandamana tangu zamani. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaorodhesha bidhaa zilizoletwa pwani yetu. Kuna mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya upande wa Yemeni, kuna mashoka, kuna visu, na kuna vyuma vyenye ncha vya kutobolea. Mwandishi hasemi vyuma hivyo vilitobolea nini. Lakini fundi yeyote wa ngozi akiisoma orodha hiyo atatabasamu, kwa sababu kisu na chuma cha kutobolea ngozi ya ala vilipanda jahazi moja.

Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sicily, alitaja kazi mbili za watu wa Mombasa: kuchimba chuma na kuwinda chui. Yeye mwenyewe hakufika huku, aliandika ya kuambiwa. Lakini hata aliyoambiwa yaliweka chuma na mnyama wa ngozi katika sentensi moja. Ukija karne ya 19, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika kwa mafundi wake. Palikuwa na wanakili wa misahafu, wafua majambia, na washonaji wa ngozi waliotengeneza viatu na mikanda. Upande wa bara, sime ya Wamaasai ilitiwa katika vibao viwili vyembamba vilivyovikwa ngozi, aghalabu ya rangi nyekundu. Sime ya baba ni ya namna hiyo.

Kilichovunja ndoa hii ni kisu cha kiwandani. Sime ilipita mikononi mwa mhunzi, kisha mikononi mwa fundi wa ngozi, ndipo ikamfikia mwenyewe. Panga la dukani linakuja chuma na mpini, basi. Mkulima hulifunga gunia, mwingine hulizungushia gazeti kama nilivyofanya mimi. Kitu kikitoweka mkononi, jina lake halikawii kutoweka mdomoni, na nafasi yake ikashikwa na kava, neno la simu na viti vya gari.

Sidai kwamba vijana wanaotutia hofu Kisauni wangekuwa na ala wangekuwa na adabu. Majambia yenye ala nzuri kabisa yameua watu wengi. Dai langu ni dogo zaidi. Ala ilitenganisha wakati wa kisu kufanya kazi na wakati wa kisu kutulia, na tofauti hiyo ilionekana kwa macho, mtu akiwa angali mbali. Tumeipoteza alama hiyo, na tumelipoteza na neno la kuizungumzia.

Narudi kwa fundi wangu, maana alinifundisha jambo ambalo shahada zangu hazikunifundisha. Ala ni vazi la safari, si kitanda. Ngozi hunywa unyevu wa hewani, na ya Mombasa hunywa na chumvi ya bahari. Aidha, dawa zilizoitengeneza huweza kuacha asidi ndani yake. Chuma kikilala humo miezi, kinapata kutu. Kama mpini una pete ya shaba, ngozi inayoigusa huifanya itoe ute wa kijani. Mafuta yangu ya nazi yalikuwa yameilegeza ngozi, yakashika vumbi, na mfuko wa nailoni ukakifungia kuvu kila kilichohitaji.

Alianza kwa kuvitenganisha viwili hivyo. Ngozi ya mpini na ya ala aliipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, akaianika kivulini penye upepo. Juani ngozi hukakamaa na kupasuka. Ilipokauka, aliipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo sana, akaisugua mpaka vidole vikawa havinati, kisha akashona upya. Ubapa aliusugua kwa msasa laini, akaumalizia kwa matone ya mafuta ya cherehani. Akanionya nisiuloweshe mpini kamwe, na nisiurudishe ubapa alani ila ninapotoka nao.

Nilipokuwa nikirudi mjini niliwaza kuhusu kazi yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi kwamba neno likiingia kamusini limeokoka. Sina hakika tena. Kamusi nayo ni ala. Neno likilazwa humo bila kutumiwa, siku ukilihitaji utavuta wawili na lisitoke.

Sasa sime ya baba imelala rafuni ndani ya kitambaa kikavu cha pamba, na ala yake iko kando yake, wazi. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna sime au jambia la mzee, litoe leo ulitazame. Na kama kwenu ala ina jina jingine, niandikie.