Soko la Nyangwe na Kiswahili Chetu cha Maniema

Mtu wa Maniema akifika Bukavu ao Lubumbashi, anafungua kinywa tu, watu wamekwisha kumjua. "Wee njo mtu wa Kindu," wanamwambia, na pengine wanacheka. Sisi wenyewe tunajisifu kwamba Kiswahili cha Kongo kilipitia sana kwetu. Ni kweli. Lakini si wengi kati yetu wanaojua namna kilivyopita, na njia ile haikuwa ya raha.

Jimbo letu lilitengwa na Kivu ya zamani mwaka wa 1988. Liko na teritware saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia, na mji mkuu ni Kindu. Kaskazini ni msitu mnene. Ukipanda mto kuelekea Kasongo na Kabambare, majani yanaanza kushinda miti. Katika msitu wa upande wa Lomami kunaishi kima mmoja ambaye wawindaji wanamuitaka lesula. Wataalamu wa ngambo walimuona mara ya kwanza mwaka wa 2007, wakamuandika katika vitabu vyao mwaka wa 2012, na mwaka wa 2016 Parki ya Taifa ya Lomami ikawekwa, kwetu na kwa jirani zetu wa Tshopo. Mwindaji wa kule akisikia kwamba lesula "amevumbuliwa" atacheka, juu yeye alimjua tangu utoto.

Na ni vile vile kwa mto. Lualaba haikungoja mtu aivumbue. Livingstone alifika Nyangwe, ngambo ya kuume, mwishoni mwa mwezi wa tatu 1871, akifikiri maji yale ni ya Nili. Alitaka mtumbwi wa kuvuka. Miezi ikapita, hakuupata, kwani wenyeji walikuwa wamekwisha kuona kazi ya wageni wenye bunduki. Akabaki anakaa sokoni, anaangalia watu, anaandika. Karatasi zilikuwa zimemuishia. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa maji ya matunda ya porini. (Miaka mitatu nyuma yake Cameron alipima Nyangwe, akakuta iko chini kuliko Gondokoro ya mto Nili. Maji hayapandi mlima: Lualaba ilikuwa mto mwingine.)

Soko lile lilikuwa kitu kikubwa. Livingstone alihesabu siku nyingine watu kama 3.000, na wengi wao walikuwa wamama. Walivuka mto kwa mitumbwi, vikapu mgongoni, wakileta vyungu, mihogo, mawese, chumvi, samaki, kuku. Walibishana bei kwa sauti, walicheka. Na kulikuwa sheria moja ambayo tunaiona kuwa ya akili nyingi: hata kama vijiji viwili viko vitani, mama anayekwenda soko anapita, hakuna anayemgusa. Hakuna aliyeileta sheria ile kutoka Bulaya wala Unguja. Ilikuwa ya hapa.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871 sheria ile ilivunjwa. Walikuja watu wa mfanyabiashara Dugumbe, watatu, na bunduki zao. Ilianza na ubishi juu ya bei ya kuku. Kisha risasi. Siku ile kulikuwa watu kama 1.500. Walikimbilia mitumbwi, ikabanana katika kijito, wengine wakajitupa mtoni, wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Ngambo ya kushoto vijiji vilikuwa vinawaka moto siku ile ile. Sababu ilikuwa biashara: mtumwa mmoja wa Waarabu, Manilla, alikuwa amefanya urafiki wa damu na wakubwa wa ngambo, na watu wa Dugumbe walitaka kuonyesha nani mwenye nguvu.

Livingstone aliacha safari yake, akarudi Ujiji, na ni huko Stanley alimkuta. Habari ya Nyangwe ilipofika Uingereza, ilisaidia kumlazimisha Sultani wa Unguja afunge soko la watumwa mwaka wa 1873. Lakini magazeti yale ya wino wa matunda yalififia, hayakusomeka vizuri mpaka 2011, wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga mbalimbali. Ndipo swali likatokea: je, watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe hawakuwa na mkono? Jibu kamili halijatoka.

Nyuma ya hapo Kasongo ikawa mji mkubwa wa Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, na wa mwana wake Sefu. Mwaka wa 1893 askari wa Mbula-Matari chini ya Dhanis waliteka Nyangwe, kisha Kasongo. Walisema wamekuja kumaliza utumwa. Mpira na kazi za nguvu zikafuata. Mahali pa mji ule wa Tippu Tip tunapaita leo Tongoni, na kila anayejua Kiswahili anajua tongo ni nini: mahali watu walipohama.

Lakini lugha haikuhama. Iliitwa Kingwana, ndiyo kusema lugha ya waungwana, watu wasio watumwa. Hapa tunasimama kidogo. Mtoto aliyekamatwa kijijini, akikomaa katika msafara, akivaa kanzu, akisema lugha ile, alijihesabu mungwana, na pengine alipewa bunduki akakamate wengine. Wengi wa Wamanyema wa Ujiji, na wa Buyenzi kule Bujumbura, ni wazao wa misafara ile. Na sisi tuliobaki tunaomba Mungu, tunaposa, tunazika kwa lugha hiyo. Hatuoni haya ya kuisema. Tunaona haya tu ya kuisema bila kujua.

Walega wa Pangi walikuwa na bwami, shule ya watu wazima, yenye ngazi zake mpaka kindi, yenye mezali na sanamu ndogo za pembe za ndovu. Hata wanawake walipanda ngazi. Serikali ya wakoloni iliikataza mwaka wa 1948. Sanamu nyingi ziko Tervuren. Mezali haziwezi kufungiwa ndani ya kioo, na zingine bado ziko vinywani.

Reli iliunganisha Kindu na Kongolo. Ilipita ngambo ya kushoto. Nyangwe ikabaki ngambo ingine, ikapungua. Njo maana tunawaomba walimu wa Kasongo na Kibombo: mkutane na wazee wa pande zote mbili za mto, muwaulize vijiji gani vilichomwa, koo gani zilikuwa zinaleta vyungu na gani chumvi, siku za soko zilikuwa zinaitwaje. Muandike kwa lugha ambayo mzee atasema, hata kama si Kiswahili.