Dawa ya kuku na maradhi ya mtoto

Soko la Kisutu ndipo matenga ya kuku wa kisasa yanapoteremshwa kila siku. Ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, huko Kariakoo, yamo maduka ya dawa za mifugo. Mfugaji akieleza kwamba kuku wake wanaharisha, mara nyingi huuziwa pakiti ya unga wa kuchanganya na maji. Unga huo huwa ni antibiotiki: oksitetrasaiklini, tailosini au enrofloksasini. Aghalabu cheti cha daktari hakiulizwi. Desturi hii ina historia, na madhara yake yanatufikia hata sisi tusiofuga.

Penisilini iligunduliwa mjini London mwaka 1928 na Alexander Fleming. Mwaka 1945, alipopewa Tuzo ya Nobel, Fleming mwenyewe alionya kwamba dawa kidogo isiyotosha kuua vijidudu huvifundisha kuistahimili. Onyo hilo halikuwa na umri mkubwa wakati wataalamu wa kampuni ya Lederle ya Marekani walipogundua kwamba vifaranga waliochanganyiwa antibiotiki kidogo katika chakula hukua haraka. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1950, na wafugaji wa nchi tajiri wakaipokea kwa shangwe. Mwaka 1969 kamati ya Swann ya Uingereza ilishauri kwamba dawa zinazotibu watu zisitumiwe kunenepesha mifugo. Sweden ilipiga marufuku unenepeshaji huo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukaukomesha kabisa mwaka 2006.

Hapa kwetu mambo yalipita njia nyingine. Zamani kuku wa kisasa walikuwa shughuli ya mashirika kama NAPOCO, na bwana mifugo alikuwa mtumishi wa Serikali. Kisha ikaja hali ngumu ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mshahara ukawa haufiki katikati ya mwezi. Mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalianza kulegezwa, na mwaka uliofuata ukaingia uongozi wa Mzee Mwinyi. Karani, mwalimu na muuguzi wakajenga mabanda nyuma ya nyumba. Mradi wa kuku ukalipa ada za shule na ukajenga nyumba nyingi katika jiji hili. Hakuna haja ya kuubeza.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ya marekebisho ya uchumi, Serikali ilitakiwa kupunguza watumishi na kuziachia huduma za mifugo mikono ya watu binafsi. Kuku wakaongezeka mjini wakati bwana mifugo anaadimika. Pengo hilo lilizibwa na duka la dawa. Muuza duka akawa ndiye mganga, na pakiti ya unga ikawa badala ya uchunguzi.

Matokeo yake ni matumizi ya kubahatisha. Chukua ugonjwa wa mdondo, unaomaliza banda zima kwa siku chache. Mdondo huletwa na virusi, na antibiotiki haiuwi virusi. Kinga yake ni chanjo, nayo hutengenezwa hapa hapa nchini. Hata hivyo wako wanaomwaga dawa banda zima, wazima kwa wagonjwa, kisha wanawapeleka kuku sokoni kabla siku za kusubiri hazijaisha. Tusishangae: kuku wa nyama huuzwa akiwa na wiki tano au sita, na kila siku ya kungoja inakula chakula cha fedha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walioandika mwaka 2009 na 2010 walikuta mabaki ya dawa katika kuku na mayai ya Morogoro.

Mabaki ni sehemu moja ya hatari. Kubwa zaidi ni bakteria walionusurika. Hao husafiri kwa mikono ya mchinjaji, kwa nyama isiyoiva vizuri, na kwa mbolea ya kuku inayomwagwa katika bustani za mchicha. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba watoto wenye bakteria sugu katika damu walikufa zaidi, kwa kuwa dawa waliyopewa haikufanya kazi. Utafiti huo haukusema bakteria hao walitoka bandani, na matumizi ya ovyo ya binadamu nayo yana sehemu yake kubwa. Lakini dawa za banda na za wodi ni za ukoo mmoja. Duniani kote, watu wapatao milioni 1.27 walikadiriwa kufa mwaka 2019 kwa sababu ya usugu huo.

Tanzania ilitoa mpango wake wa taifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, nayo TMDA inasimamia dawa za mifugo pamoja na za watu. Hayo ni mema. Ila kumkamata muuza duka peke yake hakutoshi, kwa maana yeye alikuta pengo. Mfugaji akinyang'anywa pakiti bila kupewa mtaalamu, ataitafuta uchochoroni. Apatiwe bwana mifugo wa kata anayefikika na chanjo kwa wakati, na ahimizwe kupeleka kuku aliyekufa kupimwa katika maabara ya mifugo ya Temeke kabla ya kununua dawa. Naye mfugaji azihesabu siku za kusubiri kama anavyozihesabu trei za mayai, kwa kuwa mtoto atakayelazwa kesho huenda akawa wake.