Sifa za Mzazi katika Elimu ya Nyumbani

Sifa za mzazi katika elimu ya nyumbani ni masharti ya kisomo anayowekewa mzazi anayetaka kumfundisha mwanawe nyumbani badala ya kumpeleka shule. Masharti hayo hayafanani. Kwingine mzazi hadaiwi cheti chochote, kwingine anatakiwa awe amemaliza sekondari, na kwingine lazima awe amesomea ualimu. Zipo pia nchi ambako swali lenyewe halina nafasi kwa sababu elimu ya nyumbani imepigwa marufuku. Ubishi mkali zaidi juu ya jambo hili ulitokea Marekani kati ya 1950 na 2008, na huko ndiko kulikoachwa hukumu, sheria na takwimu nyingi kuliko mahali pengine popote.

Chimbuko

Swali la nani anafaa kufundisha lilikuja pamoja na elimu ya lazima. Nchini Marekani, Massachusetts ndilo jimbo la kwanza kuwalazimisha wazazi kupeleka watoto shule, mwaka 1852; la mwisho lilikuwa Mississippi, mwaka 1918. Sheria nyingi za aina hiyo ziliacha mlango wa pembeni kwa mtoto anayesomeshwa mahali pengine, mradi anayemfundisha awe na uwezo. Uwezo huo unapimwaje, sheria nyingi hazikusema.

Mahakama Kuu ya Marekani iliweka msingi kwa kesi mbili. Katika Meyer dhidi ya Nebraska (1923) ilimwondolea hatia mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha mtoto kusoma Kijerumani. Katika Pierce (1925) ilibatilisha sheria ya Oregon iliyotaka watoto wote wasome shule za umma, ikishikilia kwamba mtoto si mali ya dola. Hata hivyo hukumu ya Pierce iliyaachia majimbo mamlaka ya kukagua shule na walimu wake. Watetezi wa uhuru wa wazazi na wale wanaotaka udhibiti wamekuwa wakiinukuu tangu wakati huo, kila upande ukichukua nusu inayoufaa.

Harakati za elimu ya nyumbani zilishika kasi miaka ya 1970. Raymond na Dorothy Moore, Waadventista Wasabato, walichapisha Better Late Than Early mwaka 1975 wakishauri mtoto asiharakishwe kupelekwa darasani. Raymond alikuwa na shahada ya uzamivu ya elimu. John Holt, aliyeanzisha jarida la Growing Without Schooling mwaka 1977, alikuwa kinyume chake: alisoma Yale, akatumikia manowari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akafundisha madarasani kwa miaka mingi bila kusomea ualimu hata siku moja.

Marekani

Kesi ya Levisen

Hukumu moja yenye uzito ilitolewa na Mahakama ya Juu ya Illinois mwaka 1950. Wazazi Wasabato walishtakiwa kwa utoro wa binti yao wa darasa la tatu. Walieleza kwamba hawakutaka alelewe katika mashindano ya shule za umma na kwamba katika miaka ya mwanzo mama ndiye mwalimu anayefaa zaidi. Mama huyo alikuwa amesoma chuo miaka miwili na kupata mafunzo kidogo ya ualimu na saikolojia ya elimu. Alimfundisha mtoto saa tano kwa siku. Mtoto alipopimwa alionekana yuko sawa na wanafunzi wa kawaida wa darasa lake. Mahakama iliamua kwamba nyumba hiyo ilikuwa shule binafsi kwa maana ya sheria, kwani sheria ilitungwa ili watoto wapate elimu, si ili wazazi wanaowaelimisha waadhibiwe.

California ilifuata njia nyingine. Katika kesi ya Turner, mwaka 1953, mahakama ilisema mzazi asiye na leseni ya ualimu hawezi kujiita shule binafsi. Kwa miaka hamsini iliyofuata, hukumu hizo mbili zilikaa kwenye vitabu vya sheria zikipingana waziwazi.

Enzi ya vyeti

Hadi miaka ya 1980 majimbo kadhaa yalishikilia kwamba anayefundisha mtoto awe na leseni ya jimbo. North Dakota lilikuwa kali kuliko mengi. Mahakama yake ya juu ilithibitisha hatia za wazazi katika kesi za Shaver (1980) na Patzer (1986), kisha bunge la jimbo likalegeza kamba mwaka 1989: mzazi mwenye cheti cha sekondari akaruhusiwa kufundisha, mradi mwalimu mwenye leseni amsimamie. Iowa iliacha sharti la leseni mwaka 1991. South Carolina ilijaribu mtihani. Sheria yake ya 1988 ilimtaka mzazi asiye na shahada afanye mtihani uliotungwa kwa ajili ya wanaoingia kozi za ualimu, lakini mwaka 1991 mahakama ya juu ya jimbo iliutupa kwa sababu namna ulivyothibitishwa kuwa unafaa kuwapima wazazi haikuwa ya kuridhisha.

Jimbo la mwisho lilikuwa Michigan. Mark na Chris DeJonge walikuwa wakiwafundisha watoto wao wawili nyumbani kwa mtaala wa Kikristo, na waliona kuomba kibali cha serikali ni kumweka mtawala mahali pa Mungu. Walitiwa hatiani, wakapewa miaka miwili ya kuwa chini ya uangalizi, wakatozwa faini ya dola 200 kila mmoja na kuamriwa watafute mwalimu mwenye cheti. Kilichowashangaza wengi ni kwamba upande wa mashtaka haukudai hata mara moja kuwa watoto hao hawakuwa wakisoma vizuri. Kosa lilikuwa cheti peke yake. Mei 1993 Mahakama ya Juu ya Michigan iliwafutia hatia kwa kura 4 dhidi ya 3, ikisema jimbo lilishindwa kuonyesha kwamba cheti ndiyo njia ya lazima ya kuhakikisha mtoto anaelimika.

Siku hiyohiyo mahakama hiyo ilitoa hukumu ya pili, ya Bennett, ambayo haisimuliwi sana. Familia hiyo haikuwa na hoja ya dini, na sharti la cheti likaachwa lisimame dhidi yake. Kwa muda, basi, mzazi wa Michigan aliyepinga cheti kwa imani alikuwa huru, na aliyepinga kwa akili zake tu hakuwa. Sheria mpya ya 1996 iliondoa tofauti hiyo.

Kura 424 dhidi ya 1

Februari 1994 suala lilifika Washington. Mbunge George Miller wa California aliingiza katika mswada wa elimu kifungu kilichotaka walimu wawe na leseni ya somo wanalofundisha. Miller alisisitiza kwamba hakuwa na wazazi akilini. Chama cha kutetea elimu ya nyumbani, HSLDA, kilichoanzishwa mwaka 1983 na mawakili Michael Farris na J. Michael Smith, kilikisoma kifungu hicho na kuona kingeweza kumnasa kila mama anayefundisha mezani kwake. Kiliwatumia wanachama habari. Makanisa na redio za Kikristo zikazisambaza. Simu za Bunge zilielemewa kwa siku kadhaa, kiasi kwamba ofisi nyingi za wabunge hazikupatikana kabisa. Kura ilipopigwa, wabunge 424 walikiondoa kifungu. Aliyekitetea alikuwa mmoja tu, Miller mwenyewe.

California, 2008

Februari 28, 2008 mahakama ya rufaa ya Los Angeles iliwashtua wazazi wa jimbo zima. Kesi ilianzia kwenye malalamiko ya ustawi wa watoto katika familia moja yenye watoto wanane, ambako mama asiye na leseni ndiye aliyefundisha. Majaji walirudi kwenye hukumu ya Turner: mtoto asiyekwenda shule anaweza kufundishwa na mwalimu wa nyumbani tu, na kwa sheria ya California mwalimu huyo lazima awe na leseni, afundishe angalau saa 3 kwa siku, siku 175 kwa mwaka, kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni. Gavana Arnold Schwarzenegger aliikemea hukumu hiyo hadharani. Mahakama ilikubali kusikiliza upya, na Agosti 8 mwaka huohuo ikageuka. Safari hii ilitazama yale ambayo bunge la jimbo lilikuwa limeyakubali bila kuyatamka: mwaka 1998, kwa mfano, wabunge waliwaondolea wazazi wanaofundisha watoto wao sharti la kuchukuliwa alama za vidole linalowahusu wafanyakazi wa shule binafsi. Sheria isingewaondolea sharti watu isiowatambua. Kuanzia hapo mzazi wa California hujaza hati ya kiapo ya shule binafsi kila Oktoba, na sheria inamtaka awe tu na uwezo wa kufundisha.

Hali ya majimbo

Hakuna jimbo la Marekani linalomdai kila mzazi leseni ya ualimu. Texas, Illinois, Indiana, Idaho, Oklahoma na Alaska hazidai cheti chochote. Georgia, North Carolina, Pennsylvania, New Mexico na Tennessee zinataka mzazi awe na cheti cha sekondari au mtihani unaolingana nacho. Virginia inatoa njia nne, cheti cha sekondari kikiwa mojawapo. Washington, kwa sheria ya 1985, inamtaka mzazi awe na alama 45 za masomo ya chuo, au ahudhurie kozi fupi ya wazazi, au asimamiwe na mwalimu mwenye leseni, au akubaliwe na mkuu wa elimu wa eneo lake. Pennsylvania inahamishia uzito kwa mtoto: kwa sheria ya 1988, mzazi hutunza jalada la kazi za mwanafunzi, mtoto hufanya mitihani katika darasa la 3, la 5 na la 8, na mtathmini mwenye sifa hulipitia jalada kila mwaka. Mtindo huo wa kupima kazi badala ya cheti cha mzazi ndio unaotetewa na wengi wanaotaka udhibiti wa wastani.

Ulaya

Uingereza haijawahi kumdai mzazi cheti. Sheria ya Elimu ya 1944, na baadaye ile ya 1996, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anasoma shuleni au kwa namna nyingine. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Ruth Lawrence, aliyefundishwa na baba yake Harry, mshauri wa kompyuta aliyeacha kazi kwa ajili hiyo. Ruth aliingia Oxford mwaka 1983 akiwa na miaka 12 na kumaliza shahada ya hisabati kwa daraja la kwanza mwaka 1985. Ni mfano wa kuvutia, ingawa watoto wa namna hiyo ni nadra hata shuleni.

Ufaransa ilibana mambo kwa sheria ya Agosti 24, 2021. Kutoa taarifa kulibadilishwa kuwa kuomba kibali, na anayeomba kwa sababu ya hali ya pekee ya mtoto lazima aonyeshe kwamba anayefundisha ana baccalauréat au cheti kinacholingana nayo. Nchini Uswisi kila jimbo lina utaratibu wake. Zürich hudai ualimu wa kusomea masomo ya nyumbani yakizidi mwaka mmoja. Ujerumani imefunga mlango kabisa. Mwaka 2013 polisi waliwachukua watoto wanne wa familia ya Wunderlich karibu na Darmstadt kwa wiki tatu, na Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona serikali haikuvunja haki yao. Huko hata mzazi aliye profesa wa elimu angekutana na jibu lilelile.

Afrika

Afrika Kusini inaruhusu elimu ya nyumbani kwa usajili chini ya Sheria ya Shule ya 1996. Marekebisho yaliyotiwa saini na Rais Cyril Ramaphosa Septemba 13, 2024 yaliongeza upimaji wa mwanafunzi mwishoni mwa kila hatua, bila kumdai mzazi cheti cha ualimu.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Tume ya Huduma ya Walimu ya 2012 inakataza mtu ambaye hajasajiliwa kufanya kazi ya ualimu. Sheria hizo ziliandikwa zikimlenga mwalimu wa shule. Tanzania nayo ina Sheria ya Elimu ya 1978 na, tangu 2018, Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Aliyesoma nje ya mfumo wa shule ana njia ya mitihani: hufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, kisha mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo Baraza la Mitihani humpima mtahiniwa mwenyewe, bila kuuliza aliyemfundisha alikuwa na cheti gani.

Wakati wa korona wazazi wengi walijikuta walimu bila kuombwa. Shule za Tanzania zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa zote mwishoni mwa Juni. Nchini Uganda baadhi ya madarasa yalisubiri hadi Januari 10, 2022.

Utafiti

Utafiti unaonukuliwa zaidi ni wa Lawrence Rudner, uliochapishwa 1999 na kuhusisha wanafunzi 20,760 wa Marekani. Alama zao zilikuwa juu sana ya wastani wa taifa, na mzazi kuwa na cheti cha ualimu hakukuleta tofauti ya maana. Hilo la pili limetumiwa sana na watetezi. Yaliyosemwa kwa sauti ndogo zaidi ni kwamba utafiti uligharamiwa na HSLDA, familia zilijitolea zenyewe, na kiwango cha jumla cha elimu ya wazazi pamoja na kipato chao vilileta tofauti kubwa. Rudner mwenyewe alionya kwamba matokeo hayathibitishi ubora wa nyumbani juu ya shule.

Nchini Kanada, Sandra Martin-Chang na wenzake (2011) walilinganisha watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule. Waliofundishwa kwa mpangilio maalumu waliwazidi wenzao wa shuleni, ila kikundi kidogo kilichoachwa kijifunzie bila mpangilio kilibaki nyuma.

Hali ya sasa

Idadi ya watoto wanaosoma nyumbani nchini Marekani ilikadiriwa kuwa 850,000 mwaka 1999 na milioni 1.7 hivi mwaka 2016. Sensa ya Marekani ilionyesha kwamba kaya zenye watoto wa shule zinazofundisha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1 kati ya majira ya kuchipua na ya mapukutiko ya 2020. Mwaka huohuo Elizabeth Bartholet wa Harvard alipendekeza elimu ya nyumbani ikatazwe isipokuwa kwa mzazi atakayethibitisha kwamba ana sababu na uwezo. Pendekezo hilo lilizua kelele nyingi na halijawa sheria popote nchini humo. Mwelekeo wa majimbo umekuwa wa kulegeza. Oktoba 3, 2023 Ohio ilifuta sharti la cheti cha sekondari kwa mzazi, pamoja na tathmini ya mtoto ya kila mwaka, na kubakiza wajibu wa kumjulisha mkuu wa elimu wa wilaya na kufundisha masomo yaliyotajwa.