Alama za Vidole na Uraia: Funzo la Usajili Maradufu Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Wanaojadili utambuzi wa kibayometria katika ulinzi wa mipaka huhofia zaidi makosa ya mashine: kwamba itamfananisha mtu na mwingine, asiye na hatia akamatwe. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, usajili maradufu nchini Kenya, yaani raia kuandikishwa pia kama mkimbizi, unaonyesha kwamba maisha ya mtu yanaweza kuharibiwa na mashine iliyotoa jibu sahihi kabisa.

Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka. Ziko katika Kaunti ya Garissa, kwenye ardhi ya Wasomali wa Kenya, wafugaji wenye lugha, dini na koo sawa na za wakimbizi waliofika huko. Ukame ulipoua mifugo, na hasa ule wa 2011, ndani ya kambi kulikuwa na mgao wa chakula, shule na matibabu. Nje ya kambi mfugaji hakuwa na pa kushika. Familia nyingi za Kenya zikajiandikisha kama wakimbizi. Wazazi wakawapeleka watoto, alama za vidole zikachukuliwa, kadi ya mgao ikatolewa, watoto wakala.

Watoto hao walipofikisha miaka 18 walikwenda kuomba vitambulisho, mkononi wakiwa na vyeti vya kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wao. Alama zao zikalinganishwa na zilizo kwenye hifadhidata ya wakimbizi, zikaoana, na maombi yakakataliwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba walionaswa hivyo ni watu wapatao 40,000. Asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, hapigi kura. Akipanda basi la Nairobi, kwenye kizuizi cha daraja la Mto Tana hutakiwa ashuke ajieleze.

Mashine ilithibitisha jambo moja tu: vidole hivi ndivyo vilivyochukuliwa Dadaab. Kwamba mwenye vidole ni raia wa Somalia, haikusema, wala haina uwezo wa kusema. Hilo liliandikwa na karani kutokana na maelezo ya mzazi mwenye njaa, kisha dola ikalipatia hadhi ya ushahidi wa kisayansi. Kibayometria huunganisha mwili na rekodi. Ukweli wa rekodi yenyewe hutoka kwingine. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa kila ambaye, siku alipozaliwa, mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya. Hakuna mahali inaposema uraia huo unafutika kwa kula chakula cha msaada.

Tena shaka ya dola kwa watu wake ni ya zamani kuliko kompyuta. Ukoloni ulimlazimisha mwanamume Mwafrika kuvaa shingoni kipande chenye alama za vidole, ili mwajiri na polisi wamfuatilie. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya peke yao walihojiwa na kupewa kadi za ziada kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Hifadhidata imeirithi shaka hiyo na kuifanya iwe ngumu zaidi kupingwa, kwa sababu chifu unaweza kubishana naye uso kwa uso, lakini matokeo ya kompyuta humjui wa kumlalamikia.

Watetezi wa teknolojia hii husema inazuia vitambulisho vya kununuliwa kwa rushwa, nao hawakosei: humnasa mtu mmoja anayejiandikisha kwa majina mawili. Lakini usalama una maswali mengine. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, liliua watu 148. Mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwana wa chifu kutoka Mandera. Vidole vyake vingempitisha kwenye kituo chochote. Na mpaka wa Kenya na Somalia, wenye urefu wa kilomita 680 hivi, sehemu kubwa ni nyika isiyo na kituo wala mashine.

Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliubatilisha uzinduzi wa kadi ya Huduma, kitambulisho kipya cha kidijitali, kwa kuwa serikali haikuwa imetathmini athari zake kwa faragha, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kuondoa mahojiano ya ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani. Hatua zote mbili ni njema, ila kuondoa mahojiano si sawa na kusafisha rekodi. Bunge liweke kisheria njia ya rufaa yenye muda maalumu, na mzigo wa ushahidi uwe juu ya dola inayodai kwamba mtu si raia. Mpaka sheria hiyo ipatikane, alama iliyooana na hifadhidata ya wakimbizi isitumike peke yake kumnyima mtu yeyote kitambulisho.